Mwanakaya Namba Tisa

Sentensi iliyomtoa mama yangu mdogo kwenye chakula cha ukoo wake niliitunga mimi. Ina maneno kumi na mawili, na nilipoimaliza nilijipongeza kwa soda baridi. Inasema hivi: "Kaya ni watu wote wanaokula pamoja kwa kawaida, hata wakilala nyumba tofauti." Ukiisoma haraka utaona haina ubaya wowote. Hata mimi niliisoma haraka.

Mimi ni mtu wa makala. Nina shahada mbili za uchumi, ambazo zimenisaidia hasa kuelewa kwa nini sina fedha. Nilizaliwa milimani, upande wa Mbinga, kwenye kahawa na baridi, kisha nikaoa ziwani na kuhamia Mbamba Bay, ambako mke wangu anafundisha na mimi naandika mambo ambayo wahariri huyapunguza. Watafiti wanapokuja Ruvuma hutafuta mwenyeji mwenye shahada anayejua Kimatengo. Aina hiyo hatuko wengi, kwa hiyo hata mimi hupatikana.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa heshima. Serikali inatoa ruzuku kwa kaya maskini. Watafiti wanataka kujua kaya hizo zinaifanyia nini. Zinaweka akiba? Zinakopa kidogo au zaidi? Zinanunua mbolea, au zinanunua bia? Je, zinaacha kufanya kazi? Swali hilo la mwisho huulizwa maskini peke yao. Sijawahi kuona dodoso linalomuuliza mtu wa vikao kama posho imempunguzia ari ya kulima.

Mafunzo ya wadadisi yalifanyika Mbinga mjini, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, na mimi nilikuwa msimamizi wao. Kiongozi wa utafiti, ambaye wote tulimwita Daktari, alikuwa amekuja na maana ya kaya inayotumika kila mahali: watu wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja. Ilikuwa maana nzuri tu. Ningekaa kimya, nikanywa chai yangu ya saa nne, nikasaini posho, mama mdogo leo angekuwa anakula na wenzake. Lakini nilinyoosha mkono.

Nilisema kwamba kwetu Wamatengo paa si kitu. Nilieleza sengu: jinsi enzi za babu yangu wanaume na watoto wa ukoo walivyokusanyika uani kwa mkubwa wao, kila mke akaleta chungu chake, wakala pamoja, na hapohapo yakaamuliwa mambo ya mashamba, mahari na watoto watundu. Nikasema mabaki yake bado yapo, kwamba Jumapili baada ya misa bado kuna nyua ambazo nyumba nne au tano hukutana na vyungu vyao. Nilisema kwa hisia. Nilikuwa nimewahi kuandika makala ndefu ya kuililia sengu inavyokufa, nikiwa nimekaa Mbamba Bay nakula samaki na mke wangu, watu wawili, mlango umefungwa.

Daktari aliweka kalamu chini. "Hiki ndicho tunachokikosa kila siku," aliwaambia wadadisi. "Mnaona? Huyu ni mwenyeji. Ndugu yangu, hebu itungie sentensi wewe mwenyewe."

Nikaitunga. Ikaingizwa kwenye vishikwambi jioni ileile.

Tulianzia ziwani, kata ya Ngumbo, na ziwani nilipata onyo ambalo sikulisikia. Mama mmoja alikuwa anaanika usipa juu ya vichanja, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa, na wenzake watatu walikuwa wanawageuza pembeni yake. Nilimsalimu, nikamsomea utangulizi wote, nikamuuliza kaya yake ina watu wangapi.

"Hao wanaouliza," alisema bila kuniangalia, "wanaleta au wanachukua?"

"Hawaleti wala hawachukui, mama. Wanajifunza."

"Watu wazima wote hao bado wanajifunza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi waandikie wawili. Siku wakija kuleta, rudi. Tutakuwa kumi na mmoja."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akamwaga ungo. Mwingine akaongeza: "Na mimi uniandike nimekufa, maana marehemu hadaiwi mchango wa zahanati." Niliandika kwenye nafasi ya maoni kwamba mhojiwa hakutoa ushirikiano. Leo ninapokumbuka naona kwamba katika utafiti mzima yule mama peke yake alielewa sera ya umma.

Wiki iliyofuata tulipanda milimani, na kompyuta iliyochagua vijiji ilikuwa imechagua kimoja cha kata ya Kitura, na humo ikachagua nyumba ya mama yangu mdogo. Ni mdogo wake mama yangu. Mama alipofariki nikiwa darasa la tatu, huyu ndiye aliyenilisha miaka mitano. Mume wake naye amekufa sasa. Watoto wako mbali, mmoja Songea, mmoja sijui wapi. Anaishi peke yake kwenye nyumba ya tofali mbichi, na chini ya nyumba, kwenye mteremko, ana shamba moja ambalo mumewe alimwachia. Analima maharage na mahindi kwa ngoro. Asiyezijua ngoro azifikirie hivi: unafyeka nyasi, unazilaza mlimani kwa mistari inayokatana, kisha unachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia, mpaka mlima mzima unakuwa kama sega la nyuki. Wanaume hulaza nyasi. Wanawake huchimba. Mama mdogo alichimba miaka arobaini, na mgongo wake ukagoma.

Ruzuku ndiyo ilikuwa mgongo wake mpya. Kila Machi aliitumia kuwalipa wanawake wawili wa kijijini wamchimbie. Mengine alijitafutia kwa vitunguu na kuku. Hapo pote penye maswali mia na zaidi ya akiba, mikopo na matumizi ya kaya, huo ndio ulikuwa uchumi wake wote: ruzuku inachimba, shamba linazaa, yeye ni mtu anayejitegemea. Bila kuchimbwa, shamba linalala. Na shamba likilala, shemeji yake alikuwa tayari kuliamsha.

Shemeji huyo, kaka wa marehemu mume wake, mimi namwita baba mkubwa. Si mtu mbaya. Ana mashine ya kumenyea kahawa, bati jipya, pikipiki, na ua mpana uliofagiwa. Ua wake ndio wenye chakula cha Jumapili. Amelitamani lile shamba la mteremko kwa kahawa tangu ndugu yake azikwe, na amekuwa akilitaja kwa upole, kama mtu anayekumbusha ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Mdadisi aliyepangiwa nyumba ile hakujua Kimatengo. Kwa kanuni sikupaswa kumhoji ndugu yangu. Nikajiambia kwamba mimi ni mtaalamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko ziwani hawapiki?"

"Wanapika, mama. Leo nimekuja kikazi."

"Kazi gani ya kuja na watoto wa watu wamebeba vioo?"

Nikamsomea fomu ya ridhaa, ambayo niliitafsiri mwenyewe. Majibu yako ni siri. Hayatatumika kukupa wala kukunyima msaada wowote. Una haki ya kukataa. Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza jina lake.

"Nikukatae wewe?"

Akabonyeza kidole. Tukaanza. Tulipofika kwenye kaya, nilimuuliza hula na nani kwa kawaida.

"Jumapili tunakula wote kwa shemeji. Kila mtu na chungu chake. Sisi hatujatengana," alisema, na alikaa vizuri kwenye kigoda alipokuwa anasema hivyo.

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine nakula na moshi wangu."

Kishikwambi hakikuwa na nafasi ya moshi. Kilikuwa na ndiyo na hapana. Nikamuuliza tena, kwa utaratibu tuliofundishana ukumbini: je, anakula pamoja na watu wa ule ua, kwa kawaida, ndiyo au hapana? Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingeweza kulifanya. Kwetu mtu hasemi kwamba hali na ndugu zake. Kusema hivyo ni kutangaza ugomvi, na mbele ya wadadisi wageni ni kuanika nguo za ndani za ukoo. Mjane mwenye heshima zake, akiulizwa na mtoto aliyemlea, angejibu nini?

"Ndiyo," alisema. "Tunakula pamoja."

Nilibonyeza ndiyo. Kishikwambi kikafanya kazi yake. Kikachukua nyumba nne, kikazifanya moja. Kikamwandika baba mkubwa kuwa mkuu wa kaya, mwenye mashine ya kahawa, bati na pikipiki. Mama mdogo akawa mwanakaya namba tisa. Niliiona namba ile ikitokea kwenye kioo, na nakumbuka nilichofikiri: kwamba sasa tunapima mambo kama yalivyo.

Alituchemshia viazi vitamu. Tukala wote, wadadisi na mimi. Siku hiyo hakuna aliyeuliza nani ni kaya ya nani.

Ilikuwa mwezi wa Desemba, mvua zimeshashika, aliponipigia simu. Hana mazoea ya kupiga, hubipu. Safari hii alipiga mwenyewe.

"Mwanangu, nimeenda kuchukua ile fedha, jina langu halimo."

"Labda wamechelewa, mama."

"Wenzangu wamepata. Mtendaji anasema mimi sio kaya. Anasema niko ndani ya kaya ya shemeji. Eti mimi sio kaya. Sasa mimi ni nini?"

Nilimwambia lazima kuna makosa. Nilikuwa nimesimama kando ya ziwa, na ninakiri kwamba kwa dakika nzima niliamini makosa hayo ni ya mtu mwingine.

Nilimpigia Daktari. Alipokea kwa furaha, akaniuliza habari za samaki. Nilipomweleza, alieleza kwa sauti ya darasani. Ofisi inayosimamia ruzuku ilikuwa inahakiki orodha zake. Iliomba data. Walipewa.

"Lakini tuliwaahidi watu," nilisema. "Fomu ya ridhaa inasema hayatatumika kuwanyima kitu. Mimi nilisoma kwa mdomo wangu."

"Hatukutoa majina, ndugu yangu. Majina ni siri. Tulitoa namba za kaya na mahali zilipo."

"Nyumba yake iko peke yake juu ya mteremko, Daktari. Hata mbuzi anajua ni ya nani."

"Unachukulia mambo kibinafsi."

"Ni mama yangu mdogo."

"Ndiyo maana kanuni zinakataza kuhoji ndugu," alisema, na kwa hilo alikuwa na haki kabisa, jambo lililonikasirisha kuliko yote. Nikamwomba basi aandike barua, mistari miwili tu, kwamba maana ya kaya iliyotumika haifai kuamulia nani apate ruzuku. Akasema haiwezekani kwa sasa kwa sababu data imeshasafishwa. Nilimuuliza imesafishwa nini. Simu ikakatika. Nataka kuamini ni mtandao.

Nimekuwa na hasira nyingi maishani, nyingi zikiwa za kuandikiwa makala na kusahauliwa kufikia Ijumaa. Hii haikusahaulika. Nilikasirika kwa ajili ya ile ahadi. Mtu maskini anapotoa majibu yake, hana kingine cha kumshikilia anayeuliza isipokuwa lile neno "siri," na sisi tunalitamka kama mtu anavyosema "karibu" huku akifunga geti. Nilikasirika kwamba ukweli ulikuwa umemwadhibu. Yule mama wa usipa alitudanganya mchana kweupe na bado anapata chake. Mama mdogo alisema kweli kwa sababu aliyeuliza nilikuwa mimi.

Nilifika kwake mwezi wa Februari, baada ya visingizio ambavyo sitaviorodhesha. Nyasi za shamba zilikuwa zimefika kifuani. Kando ya shamba palikuwa na viriba vya miche ya kahawa, vimepangwa vizuri kivulini.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Muulize mkuu wa kaya wangu."

Nilishuka kwa baba mkubwa. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Hakuzunguka.

"Mwanangu, mimi sikujiandika. Nilikuwa shambani siku mliyokuja. Lakini nilipokwenda kwa mtendaji nikaona imeandikwa: kaya moja, mkuu wake mimi. Serikali yenyewe imesema. Sasa kaya moja ina mashamba mawili? Shamba ni la kaya. Yeye hawezi kulima, mimi naweza. Atakula hapa kama anavyokula siku zote."

"Jumapili, baba mkubwa. Anakula hapa Jumapili."

"Nani aliyeandika 'kwa kawaida'? Mimi?"

Alikuwa ameisoma sentensi yangu kwa makini kuliko nilivyoiandika. Waliochukua data walitaka tu kupunguza majina kwenye orodha. Yeye aliona kwamba mtu anayefutwa kwenye orodha anaweza kufutwa pia kwenye ardhi. Wachumi tuna maneno mazito kwa tabia ya namna hiyo. Pale uani ilionekana tu kama mzee anayekunywa chai.

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake, nikaomba jambo lile lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji uliokuwa unakaribia. Mtendaji, kijana mwenye adabu na mafaili mengi, aliniambia ukweli: ruzuku hana uwezo nayo, ni mpaka uhakiki mwingine ufanyike, na hajui lini. Lakini kijiji kinaweza kuandika kwenye muhtasari kwamba mama huyu ni kaya yake mwenyewe na shamba ni lake. "Ila utasimama wewe," alisema. "Wao wanasema msomi wenu ndiye aliyeandika."

Nilisimama. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule, watu wamekaa kwenye madawati na majani. Nilikuwa nimeandika hotuba. Nina tabia hiyo. Nilianza kueleza historia ya utafiti, na mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti: "Fupisha, tuna ng'ombe!" Basi nikafupisha. Nilisema nilitunga sentensi mbaya. Nilisema huyu mama analala kwake, anapika kwake, analima chake, na kwamba chakula cha Jumapili ni upendo wa ukoo. Hakimfanyi mtu kuwa mali ya mtu mwingine. Nilisema niliwaahidi siri na siri ile haikutunzwa, na kwamba ninaomba radhi.

"Msomi," aliita mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu, "mimi na mke wangu tumenuniana tangu Krismasi, kila mtu na sahani yake. Sisi nasi ni kaya mbili?"

"Omba ruzuku mbili!" mwingine akajibu.

"Ya mkewe apewe mke, ya kwake apewe mwenye kilabu!"

Walicheka sana, na mimi nilicheka nao, kwa sababu niliogopa kufanya kitu kingine. Baba mkubwa alisimama akasema yaleyale aliyoniambia, kwa utulivu, na watu wengi walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyesema uongo siku ile. Mwenyekiti alijikuna shavu. Akamgeukia mama mdogo, aliyekuwa amekaa chini na kanga yake ya kanisani.

"Mama, tuamue kwa kusikia kwako. Ni kweli unakula kwa shemeji yako?"

Nilitaka kupaza sauti kwamba hilo silo swali. Ndilo lilikuwa swali. Mimi ndiye niliyelileta kijijini.

Alisimama taratibu kwa sababu ya mgongo. Alimtazama baba mkubwa, kisha wake wa ule ua, wote watatu, waliokaa pamoja. Ameshirikiana nao vyungu tangu alipoolewa.

"Nilikuwa nakula," alisema. "Kuanzia leo sili."

Hakuna aliyecheka. Mke mkubwa wa pale uani, mke wa baba mkubwa, alijifunika uso kwa upande wa kanga. Mwenyekiti alimwambia mtendaji aandike, na mtendaji akaandika: kaya ya mtu mmoja, shamba la mteremko ni lake, miche iondolewe. Watu wakasonga kwenye ajenda ya barabara. Tulikuwa tumeshinda. Nilimpa mkono mama mdogo, naye akaupokea kama mtu anayepokea risiti.

Ripoti ya utafiti ilitoka mapema mwezi wa Machi. Niliisoma kwenye simu Mbinga mjini, nikisubiri gari la kuazima la kunifikisha Kitura. Mna sura nzima kuhusu milimani. Inasema, kwa simu walizopigiwa wakuu wa kaya mwezi wa Januari, kwamba pale ambapo wanufaika waliondolewa kwenye orodha, ulaji wa kaya zao haukubadilika. Nilirudia kuisoma. Bila shaka haukubadilika. Kaya iliyopimwa ilikuwa ya baba mkubwa, mwenye mashine ya kahawa, na baba mkubwa aliendelea kushiba vizuri. Kwenye ukurasa wa shukrani wametaja msimamizi mwenyeji ambaye ujuzi wake wa mila uliboresha maana ya kaya. Mimi huyo. Nilitamani kukitupa kile kisimu kwenye mtaro, lakini bado nakilipia.

Nilifika jioni, siku ya Jumamosi. Nyasi zilikuwa zimeshafyekwa na kulazwa. Jirani mmoja alizilaza kwa kubadilishana na kuku. Kuchimba ndiko kulikobaki, na Machi haisubiri. Nilimwambia mama mdogo nitalipa wale wanawake wawili.

"Hapana."

"Kwa nini, mama?"

"Kwenye maswali yako lilikuwepo lile la fedha kutoka kwa ndugu walio mbali. Wakija kuhakiki nitasemaje? Nikisema ndiyo, wataniandika nina mtu mjini."

"Si utasema hapana tu?"

"Sasa unanifundisha."

Basi Jumapili baada ya misa ya kwanza nilichukua jembe, nikashuka shambani mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakipita kutoka kanisani walisimama njiani kutazama, maana mwanamume anayechimba ngoro ni sinema. "Baba, hilo ni kaburi au ngoro?" mmoja aliuliza. Mwingine akamwambia aniache, huenda nazika shahada. Nilichimba mpaka viganja vikachubuka. Mashimo yangu yalipinda, mengine makubwa, mengine kama ya panya, na mama mdogo alikuwa anapita nyuma yangu ameinama kwa shida, anarekebisha kingo kwa mkono na kudondosha maharage. Tulimaliza mistari mitano. Lilikuwa limebaki shamba karibu lote.

Mchana ukafika. Kutoka uani kwa baba mkubwa tulisikia vyungu vikiwekwa chini, watoto wakiitana, mtu akikohoa na kucheka. Ni mwendo wa dakika mbili. Mama mdogo hakugeuza kichwa. Aliingia ndani, akatoka na chungu chake kidogo cha maharage na ugali kwenye sahani, akakaa mlangoni, mahali ambapo mtu yeyote anayepita barabarani atamwona.

Nilinawa mikono. Nilikuwa na njaa ya kweli, njaa ya utotoni, ile aliyozoea kuiponya yeye. Nikavuta kigoda.

"Usikae," alisema.

Nilidhani anatania.

"Usikae kula hapa, mwanangu. Tangu mkutano ule kila mtu anaangalia chungu changu. Wakikuona leo, na Jumapili nyingine, siku ya uhakiki watasema mimi nakula na mtu mwenye gari."

"Gari lenyewe ni la kuazima, mama."

"Hawaulizi la nani. Si ulisema wanaokula pamoja?"

Alisema kwa upole kabisa. Kisha akafunika chungu, akaingia ndani, akarudi na viazi vitamu vilivyochemshwa kwa chumvi, vya moto bado, amevifunga kwenye jani la mgomba kama alivyonifungia nilipokuwa naenda shule.

"Utakula njiani," alisema. "Njiani hakuna kaya."

Nilimsubiri acheke. Alikuwa ameshaketi mlangoni tena, amefunua chungu, anamega tonge, uso wake kauelekeza barabarani ili ajulikane kwamba yuko peke yake.

Niliweka jembe ukutani, nikaaga, nikapanda gari. Nilisimama kwenye kona ya kwanza baada ya kijiji, nikafungua jani, nikala viazi vyote nikiwa nimeshika kwa viganja vilivyochubuka. Chumvi iliniwasha. Jumamosi ijayo nitarudi kuchimba mistari mingine. Nitakuja na chakula changu, na nitakilia garini.